Kutoka Fundi wa Skafoldi Hadi Msimamizi: Kadi, Hesabu na Sahihi

Fundi wa skafoldi, yaani jukwaa la muda la paipu na mbao la kufanyia kazi urefuni, hufunga. Msimamizi hutamka kwamba jukwaa linapandika au halipandiki, kisha anaweka sahihi yake. Mpiga lipu, mpaka rangi na fundi umeme hawajui klampu wala kishikizo. Wanatazama tegi ya kijani iliyofungwa kwenye ngazi, wanapanda. Ndiyo maana mtu anaweza kufunga paipu kwa miaka 15, mikono myepesi, hana woga wa urefu, na bado asifae kupewa kalamu. Mwongozo huu ni wa fundi anayetaka kufaa, awe Dar es Salaam, Mombasa, Kampala au tayari yuko Ghuba.

Tukubaliane maneno kwanza, kwa sababu kila saiti ina yake. Nguzo ni paipu ya wima. Leja ni paipu ya mlalo inayofuata ukuta. Transomu ni ile fupi inayotoka leja ya nje kwenda ya ndani, mbao zinalala juu yake. Bresi ni ya mshazari. Klampu ndiyo inayofunga paipu kwa paipu. Kishikizo ni kile kinacholishika jukwaa kwenye jengo. Lifti ni kimo cha kutoka leja hadi leja ya juu yake, na nafasi ni urefu wa kutoka nguzo hadi nguzo inayofuata.

Chagua njia kabla ya kulipa ada

Sheria zetu hazitaji kadi ya kampuni fulani. Kenya ina kanuni za ujenzi za mwaka 1984 zinazojulikana kama BOWEC, na juu yake Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Kanuni hizo zinadai jukwaa lifungwe chini ya uangalizi wa mtu mwenye uwezo, na liwe limekaguliwa ndani ya siku 7 zilizopita kabla ya mtu kulitumia. Tanzania, jambo hili liko chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini. Neno zito ni hilo "mwenye uwezo": mafunzo, uzoefu, na mamlaka ya kusimamisha kazi. Cheti ni ushahidi wa uwezo huo. Siku ya ajali mkaguzi ataomba ushahidi, na maneno ya "huyu ni mzoefu" hayatamtosha.

Njia ziko tatu, na hazifanani.

Ya kwanza ni ya nyumbani. Kenya, NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, hutahini mafundi kwa gredi, ukianza na ya III kupanda hadi ya I, na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA) huidhinisha mafundi na wasimamizi wa saiti. Tanzania, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina tuzo za ufundi za ngazi I hadi III na utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa mtu aliyejifunzia kazini. Kama hujawahi kukaa darasani lakini kazi unaijua, anzia hapo kwenye urasimishaji. Vyeti hivi vinakupa msingi na jina rasmi. Peke yake, mara nyingi havitoshi kukupa nafasi ya usimamizi wa skafoldi kwenye mradi mkubwa wa mafuta au gesi.

Ya pili ni mfumo wa Uingereza wa mafunzo na kadi za skafoldi, uitwao CISRS. Kule mtu huanza na mafunzo ya siku 1 ya mtenda kazi, halafu Sehemu ya 1 kwa siku 10, anarudi saiti miezi kadhaa, Sehemu ya 2 siku 10 nyingine, kisha tathmini ya kazini na mtihani wa vitendo wa siku 1 ndipo apate kadi ya fundi. Juu yake kuna fundi wa ngazi ya juu. Kozi ya usimamizi ni ya siku 5, na hailetwi kwa mtu asiye na msingi wa skafoldi. Ziko pia kozi za ukaguzi, za msingi na za juu.

Ya tatu, inayowagusa zaidi Waafrika Mashariki walioko Dubai, Doha, Manama na Dammam, ni tawi la nje la mfumo huohuo, OSTS. Lina ngazi zake za fundi, msimamizi na mkaguzi, na hufundishwa na vituo vilivyoidhinishwa nje ya Uingereza. Kumbuka jambo moja ambalo mawakala hawalitaji: kadi ya OSTS haikuruhusu kufanya kazi ya skafoldi Uingereza. Ukiwa na nia ya kwenda huko, utaingia kwenye mfumo wa kule wenyewe.

Zaidi ya hapo, kampuni kubwa za mafuta za Ghuba huwa na mtihani wao. Unaweza kufika na kadi safi ukakalishwa tena, maandishi na vitendo, kwa kanuni za kampuni hiyo. Nyingi zinafuata maneno ya Kimarekani, ambako jukwaa linatakiwa kubeba mara 4 ya mzigo uliokusudiwa bila kuvunjika, na hukaguliwa kabla ya kila zamu. Soma kanuni za mteja wako, usiende na za mteja wa jana.

Kuhusu vyeti vya kununua. Wapo wanaouza kadi ya usimamizi kwa picha ya pasipoti na pesa mkononi. Kila kadi halali ina namba inayothibitika kwa walioitoa, na waajiri wakubwa huithibitisha kabla hujafungua begi. Kabla ya kulipa kituo chochote, waandikie wenye mfumo uulize kama kituo hicho kimeidhinishwa kwa kozi hiyohiyo unayoitaka. Kituo kinaweza kuruhusiwa kufundisha mafundi na kisiruhusiwe kufundisha wasimamizi.

Daftari la kazi lianze leo

Watu wengi hukwama hapa. Wamefanya kazi miaka 7 na hawana karatasi moja. Nunua daftari gumu, uandike kila jukwaa ulilofunga: tarehe, mradi, aina (la kujitegemea, la kuning'inia, mnara, la kuzunguka tangi, la mfumo, yaani la vipande vya kiwandani vinavyoingiana, kama Cuplock au Layher), urefu, idadi ya lifti, daraja la mzigo, nani alisimamia, na tatizo gani lilijitokeza. Msimamizi wako aweke sahihi kila mwisho wa wiki. Piga picha ya jumla na picha ya karibu ya viungo, pale saiti inaporuhusu simu.

Usijaze aina moja tu. Mtu aliyefunga jukwaa la ukuta mara 200 hajawa na uzoefu wa aina 200. Mwombe fomeni akuhamishe: wiki mbili kwenye kazi ya kuning'inia, mwezi kwenye matangi au mabomba ya kiwandani, siku chache stoo. Stoo inadharauliwa, lakini ndiko unakozijua klampu mbovu. Omba pia kubeba mchoro. Fundi anayesoma mchoro kabla ya kuambiwa ndiye anayetumwa kozi.

Namba za kukaa kichwani

Hizi ni za mfumo wa paipu na klampu kwa viwango vya Uingereza na Ulaya, ambavyo ndivyo msingi wa OSTS. Jukwaa la mfumo linafuata kitabu cha aliyelitengeneza, hata pale kinapotofautiana na hizi.

Paipu ya chuma ina kipenyo cha nje cha milimita 48.3 na unene wa milimita 4, na kila mita ni kilo 4.37. Kwa hiyo paipu ya futi 21, yaani mita 6.4, ni kilo 28. Ijue namba hii unapopanga vijana wa kupokezana, na unapoona waya za umeme jirani: mtu mmoja aliyesimamisha paipu hiyo anafagia hewa hadi zaidi ya mita 7. Mahali penye waya, wenye umeme waitwe kwanza, kazi ifuate.

Ubao ni milimita 225 kwa 38. Ubao wa unene huo uungwe mkono kila mita 1.2 au karibu zaidi. Ncha yake itokeze nje ya transomu ya mwisho angalau milimita 50, na isizidi mara 4 ya unene, yaani kama 150. Ikipungua ubao unateleza na kudondoka. Ikizidi, mtu akikanyaga ncha unanyanyuka kama mzani.

Reli ya juu, ya kuzuia mtu asianguke, iwe angalau milimita 950 kutoka kwenye mbao, na uwazi wowote kati ya reli na reli au reli na ubao wa pembeni usizidi milimita 470. Ubao wa pembeni uwe na kimo cha milimita 150. Kwa kawaida lifti ni mita 2. Lifti ya kwanza inaweza kufika mita 2.7 ili watu wapite chini, kama mchoro unakubali.

Viungo vya nguzo visilingane mstari mmoja; vipishane. Kiungo cha leja kikae karibu na nguzo, ndani ya theluthi ya nafasi, kisikae katikati ambako leja inapinda zaidi. Bresi na vishikizo vifungwe ndani ya milimita 300 kutoka kwenye makutano ya nguzo na leja. Klampu ya pembe mraba ikazwe kwa nyutonimita 50, na ya daraja A ihesabiwe kubeba kilonyutoni 6.1, yaani uzito wa kama kilo 620, kabla ya kuteleza. Wapo wanaodhani kukaza zaidi ni usalama zaidi. Spana iliyoongezwa paipu inaivuta bolti hadi nyuzi zinaharibika, na klampu hiyo itateleza kwa mzigo ambao klampu nzima ingeubeba.

Madaraja ya mzigo ya Ulaya ni sita, kwa kilonyutoni (kN) kwa mita ya mraba: la 1 ni 0.75, la 2 ni 1.5, la 3 ni 2.0, la 4 ni 3.0, la 5 ni 4.5, la 6 ni 6.0. Lipu na rangi kwa kawaida ni la 2 au la 3; kuweka mawe mazito kunapanda juu zaidi. Nafasi ya mita 2.1 inajulikana kwa daraja la 3, na ya mita 1.8 kwa daraja la 4.

Hesabu moja, kamili

Mtihani utakupa jukwaa na kukuuliza mzigo. Ifanye hii kwa mkono, bila simu, mpaka ikuzoee.

Jukwaa la mbao 5 kwa upana, nafasi mita 2.1, lifti 5, daraja la 3. Upana ni 5 × 0.225, yaani mita 1.125. Eneo la nafasi moja ni 2.1 × 1.125, karibu mita za mraba 2.36. Mzigo unaoruhusiwa ni 2.36 × 2.0, yaani kN 4.7, karibu kilo 480 zilizosambaa. Ondoa watu 2 na zana zao, tuseme kilo 100 kila mmoja: zimebaki 280. Kama tofali la saruji lina kilo 25, hapo ni matofali 11, zaidi hakuna. Mwambie fundi mwashi namba hiyo ya matofali. Kilonyutoni hatazikumbuka, matofali 11 atayakumbuka, na ukimwekea alama ya chokaa ubaoni mahali pa kuyapanga itakuwa bora zaidi.

Sasa nguzo. Taratibu zinazozoeleka huhesabu lifti moja yenye mzigo kamili na nyingine yenye nusu. Hiyo ni 4.7 × 1.5, karibu kN 7.1, na nguzo ya nje na ya ndani zinagawana: 3.5 kila moja. Ongeza uzito wa jukwaa lenyewe. Nguzo ya mita 11 ni kilo 48, leja 5 za mita 2.1 ni 46, transomu 33, reli za lifti mbili 37, mbao za lifti mbili 59, mbao za pembeni 25, klampu na bresi kama 75. Jumla karibu kilo 323, sema kN 3.2. Nguzo ya nje inashusha chini kN 6.7.

Ikikaa juu ya bati la chini la milimita 150 kwa 150 bila ubao, eneo ni mita za mraba 0.0225 tu, na ardhi inapokea karibu kN 298 kwa mita ya mraba. Weka ubao wa urefu wa mita 1.5 chini ya nguzo mbili, zote ukizihesabu nzito kama ya nje: 13.4 kugawa kwa 0.3375, karibu kN 40. Tofauti ni zaidi ya mara 7. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini jukwaa lililosimama vizuri kiangazi linazama upande mmoja baada ya mvua ya masika, na kwa nini kipande cha tofali chini ya nguzo kinakataliwa: tofali linapasuka ghafla, bila kutoa onyo.

Vishikizo

Majukwaa yanayoanguka yote kwa pamoja, yakiinama kutoka ukutani kama ukurasa unaofunguliwa, mara nyingi sababu iko hapa. Ama vishikizo vilikuwa vichache, ama mtu wa lipu alikifungua kimoja kilichomzuia, ama lilitundikwa wavu au turubai bila kuongeza chochote. Turubai ni tanga. Jukwaa lililopangiwa hewa wazi halivikwi turubai mpaka mwenye mchoro ahesabu upya.

Nanga za kutoboa ukuta zinajaribiwa kwa kuvutwa. Kishikizo cha kN 6.1 hujaribiwa kwa mara 1.25, yaani kN 7.6. Jaribu angalau 3, na isipungue 1 kwa kila 20. Vishikizo 80 vinakupa majaribio 4. Kimoja kikitoka, simamisha, tafuta sababu, ongeza idadi ya majaribio. Kwenye kuta za matofali ya matundu nanga hufeli mara kwa mara kwa kuwa ncha inapanuka ndani ya uwazi. Hapo tumia paipu inayopita dirishani na kufungwa kwa paipu nyingine upande wa ndani, ikiegemea ukuta pande zote za dirisha. Mwenye jengo atalalamika kuhusu dirisha. Zungumza naye kabla, asije akakifungua usiku.

Kujifunza kuona

Ukaguzi una mwendo wake: anza ardhini, zunguka jukwaa lote, ndipo upande. Anayepanda moja kwa moja hukosa kosa la chini, na la chini ndilo linaloangusha kila kitu. Ardhi na mbao za chini, mabati ya chini, nguzo kwa timazi, bresi, vishikizo kimoja kimoja, kisha ngazi, mbao, reli, mbao za pembeni. Ngazi iinamishwe digrii 75, mita 1 nje kwa kila mita 4 za kwenda juu, ifungwe, na itokeze juu ya kituo karibu mita 1 ili mtu awe na pa kushika anapotoka.

Chukua klampu moja mkononi. Nati ishuke kwenye bolti kwa vidole, bila spana. Ikikwama katikati, nyuzi zimekula au bolti imepinda. Tazama bolti kwa pembeni ukiilinganisha na ukingo wa mlango. Fungua kifuniko, pitisha kidole kwenye bawaba: ufa mwembamba huanzia pale, na kutu hukusaidia kuuona kwa sababu huchora mstari wa kahawia. Ikiwa ni klampu ya kuzunguka, shika nusu mbili uzitikise. Ribiti ya katikati ikicheza, itupe kwenye pipa la chakavu, usiirudishe kwenye gunia. Ubao nao: geuza, tafuta ufa unaotoka nchani kuingia ndani, vifundo vikubwa ukingoni, alama ya kukatwa na msumeno, na rangi. Ubao uliopakwa rangi ukataliwe. Chini ya rangi huwezi kujua kilichojificha.

Zoezi linalofanya kazi: mwombe mwenzako aharibu vitu 10 kwenye jukwaa dogo la mazoezi lililofungiwa watu. Alegeze klampu, aondoe kishikizo, asogeze ubao, ageuze bresi. Ukague kwa dakika 30 na uandike. Wengi huona 6 mara ya kwanza. Vinavyowapita daima ni visivyokuwepo: jicho huona kilichopinda upesi, lakini halioni kirahisi kilichokosekana. Tiba ni kuhesabu. Kama mchoro una vishikizo 14, vihesabu mpaka 14.

Kuandika

Kozi ya usimamizi huwaangusha mafundi wazuri kwenye karatasi kuliko kwenye paipu, na lugha ya mtihani mara nyingi ni Kiingereza. Anza miezi 3 kabla: andika ripoti ya ukaguzi kila wiki, hata ya jukwaa ambalo si lako, umpe mtu asome. Kanuni za Uingereza za 2005 za kazi za urefuni zinataka ukaguzi kabla ya matumizi ya kwanza, kila siku 7 pale mtu anapoweza kuanguka mita 2 au zaidi, na baada ya jambo lolote linaloweza kulidhoofisha jukwaa, kama dhoruba au kugongwa na gari. Ripoti iwe na jina na anwani ya unayemkagulia, mahali, maelezo ya jukwaa, tarehe na saa, kasoro, hatua iliyochukuliwa, hatua inayobaki, na jina na cheo chako. Iandikwe kabla zamu haijaisha, imfikie mhusika ndani ya saa 24.

"Jukwaa liko sawa" haikubaliki. "Upande wa kaskazini, lifti ya 3, kati ya nguzo ya 4 na ya 5: reli ya kati haipo. Tegi imeondolewa saa 3:20 asubuhi, ngazi imefungwa, reli imerudishwa saa 4:05" ndiyo ripoti. Mtu asiyekuwepo aweze kwenda mpaka pale kwa kuisoma tu.

Hati ya makabidhiano ni karatasi nyingine. Inamwambia mtumiaji jukwaa ni la kazi gani, daraja gani, lifti ngapi zinaruhusiwa kubebeshwa kwa wakati mmoja, na lini litakaguliwa tena. Tegi inarudia mambo hayo kwa ufupi mlangoni. Rangi za tegi hutofautiana kidogo kwa mteja, ila kwa kawaida kijani ni kamili, nyekundu ni marufuku, na njano ni la masharti, mfano lazima mkanda wa usalama.

Siku za kozi na mtihani

Fika na mkanda wako uliokaguliwa, spana, tepu, pimamaji na kikokotoo cha kawaida. Darasani utapitishwa kwenye sheria, tathmini ya hatari, mpango wa kazi, michoro, mizigo, uokoaji na uongozi wa watu. Mtahini atakuuliza maswali ya uongozi, na hapo jibu la kishujaa linakuangusha. Atacheza meneja: "Bro, ni kazi ya nusu saa tu, waache vijana wapande, reli mtaweka baadaye." Anataka kusikia unakataa kwa adabu na unatoa njia: "Siwezi kuwapandisha bosi, ila nipe watu wawili na dakika 40, upande huu utakuwa tayari. Wakati huo waanze na upande wa mashariki, ule una tegi." Kukataa bila njia kunamfanya meneja akuzunguke.

Uokoaji usiupuuze. Mkanda wenye kamba ya mita 2 na kifyonza-mshtuko kinachoweza kufunguka hadi mita 1.75, ukijumlisha urefu wa mwili na akiba ya mita 1, unadai zaidi ya mita 6 za hewa chini yako kama umeufunga usawa wa miguu. Kwenye lifti ya pili mtu huyo atafika chini kabla ya kamba kumshika. Jibu ni kufunga juu ya kichwa, au bora zaidi kutanguliza reli kabla ya kukanyaga. Na mtu aliyening'inia kwenye mkanda ashushwe haraka na wenzake, kwa vifaa vilivyopo saiti. "Tutapiga simu ya zimamoto" peke yake si mpango.

Baada ya kadi

Kadi za CISRS hudumu miaka 5 na kuzihuisha kunadai mafunzo ya kujiendeleza, kwa hiyo weka tarehe kwenye kalenda mwaka mzima kabla. Kadi ikiisha ukiwa kambini Ghuba, unaweza kushushwa cheo mpaka upate nafasi darasani.

Wiki za kwanza omba jukwaa rahisi na gengi ndogo. Kikao cha asubuhi kiwe cha dakika 10, kiwe cha kazi ya siku hiyo: paipu zinapandia wapi, eneo gani chini limefungwa, nani yuko juu, nani yuko kwenye kamba. Waulize wao warudie.

Chunga zaidi siku ya kubomoa. Kufunga kuna mchoro na macho mengi. Kubomoa watu wana haraka, lori linangoja, na fundi aliyechoka hung'oa vishikizo vyote kwanza kwa kuwa ndivyo vinavyomkera. Kishikizo kinatoka pamoja na lifti yake, kamwe si mapema. Kabla ya kuanza, kagua upya kama vile ni jukwaa jipya, maana miezi 4 ya mafundi wengine imepita juu yake: mbao zimekatwa, bresi zimehamishwa, kishikizo kimefunguliwa kupisha bomba la maji. Virudishe vyote kwanza. Weka tegi nyekundu, funga ngazi ya chini, zungushia eneo la kushukia, na paipu zishushwe kwa mkono au kwa kamba, zisirushwe.

Tegi ukiiondoa, iandike kwenye daftari na saa yake.